Fei Suizhen na Mwanamume wa Nyuki

Barua zote za Lou Baigen nilizisoma mimi, kwa sauti, nimekaa kwenye kibao jikoni kwa Fei Suizhen, naye akiendelea na kazi zake kama mtu asiyesikiliza. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini kwetu, kusini ya Ziwa Tai nchini China, nyumba yetu na yao zikitenganishwa na mfereji mwembamba tu. Kwa miaka mingi nilikuwa macho yake na kalamu yake. Haya ninayosimulia mengi niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe, na moja nililitenda mimi. Hilo nitalikiri zamu yake ikifika.

Suizhen aliolewa kijijini kwetu akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mwaka wa tatu mumewe akafa kwa ugonjwa wa ini, kabla hawajajaliwa mtoto. Watu walitegemea arudi kwao. Hakurudi. Alibaki na mama mkwe wake, Bibi Shen, mwanamke mfupi mwenye miguu mibovu na ulimi mzima, wakaendelea kufuga viwavi wa hariri kama nyumba zote za kwetu.

Viwavi hao ni wadudu wa kudekezwa. Hawataki harufu ya samaki, hawataki kitunguu saumu, hawataki mgeni wala kelele. Mwezi wao ukiingia, mwishoni mwa Aprili, hata mimi jirani sikuthubutu kupiga hodi. Niliweka maboga yangu mlangoni nikaondoka kwa ncha za vidole. Suizhen aliwaita "wanangu". Kila nyumba iliwaita hivyo, ila kwake neno lile lilikuwa na uzito wake.

Baigen alikuja mara ya kwanza mwaka 1981, mwisho wa Machi, haradali ilipochanua hadi mashamba yote yakawa ya njano. Alikuwa mtu wa Jiangshan, mkoa wetu huohuo lakini milimani, na lafudhi yake ilituchekesha. Alishusha mizinga arobaini na mitano kando ya mfereji, akapiga hema, akaegemea mforosadi wa Suizhen na kuwasha sigara.

Suizhen alimwona kutoka dirishani. Alitoka mbio na ndoo mkononi.

"Wewe bwana! Zima hiyo!"

"Habari za asubuhi, dada."

"Asubuhi ilikuwa nzuri mpaka ulipoitia moto. Huo ni mforosadi. Moshi wa tumbaku ukigusa haya majani, wanangu watakufa."

Baigen akatazama majani, yalikuwa ndiyo kwanza yanachipua, akamtazama yeye. "Una watoto wanaokula majani?"

"Elfu thelathini. Wanazaliwa mwezi ujao."

Akaizima sigara kwenye soli ya kiatu, akatia kipande mfukoni. "Mimi ninao milioni moja," akasema, "na karibu wote ni wasichana. Nihurumie."

Suizhen aligeuka upesi ili asionekane akicheka. Lakini Bibi Shen alikuwa mlangoni, na yeye hakuwa mtu wa kupitwa na kitu.

"Nani huyo?"

"Mzururaji, Mama."

"Mzururaji mwenye meno mazuri," akasema Bibi Shen, akarudi ndani.

Tangu siku ile akawa anakuja kila jioni kuomba maji ya moto ya chupa yake ya chai. Hakuingia ndani. Alikaa kizingitini, chupa katikati ya magoti, na maji yaliyochukua dakika moja kumiminwa yalichukua saa nzima kuchukuliwa. Maneno yao yalikuwa ya wadudu tu. Mtu angepita angedhani ni wachuuzi wawili wanaoponda bidhaa ya mwenzake.

"Hebu niambie, wako wanafanya nini mchana kutwa?"

"Wanakula."

"Halafu?"

"Wanalala. Usingizi wa kwanza, wanavua ngozi. Wanaamka, wanakula."

"Loo! Hiyo si kazi, dada, hiyo ni likizo."

"Na wako?"

"Wangu wanatoka jua likichomoza. Mmoja akishafanya kazi wiki sita, mabawa yamechanika vipande vipande. Akiona mwisho umefika anakwenda kufia mbali, asiwape wenzake shida ya kumtoa mlangoni."

"Anakufa peke yake porini?"

"Peke yake."

Suizhen akaacha kucheka. "Wangu hawafi peke yao," akasema. "Hata mmoja akiugua namjua."

"Katika elfu thelathini?"

"Anakuwa na rangi ya chai iliyopoa. Namjua."

Haradali huchanua siku ishirini na tano hivi. Ikianza kupukutika, Baigen alisubiri jioni nyuki warudi, akaziba milango ya mizinga, akapakia kwenye mashua ya injini mpaka stesheni, na pale akapanda behewa la mizigo pamoja na nyuki wake. Mei alikuwa Shandong kwenye miakasia, Juni kwenye mikunazi ya Hebei, Julai kaskazini kabisa kwenye misitu ya miti ya duan, ambayo maua yake nyuki huyapenda. Mwezi wake uliisha hasa siku wa kwake Suizhen ulipoanza. Yeye akifunga milango ya mizinga, Suizhen alikuwa ndani na unyoya wa kuku, akiwafagia viwavi weusi wembamba kama nyuzi kutoka kwenye karatasi ya mayai. Hata kuagana hawakuweza vizuri. Baigen alikohoa nje ya dirisha, naye Suizhen akagonga ungo wa viwavi mara mbili kwa kucha.

Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Tulijifunza kuusoma uso wa Suizhen. Februari anafagia ukingo wa mfereji ambao haukuwa na taka. Machi anavaa koti la bluu. Mei anazama kwenye kazi, Juni anakuwa kama nyumba iliyohamwa.

Mwaka 1983 baridi ilichelewesha maua, na Baigen akakawia mpaka viwavi walipoanguliwa. Asubuhi moja, viwavi wakiwa wameamka usingizi wa pili, alitoka hemani akakuta ardhi mbele ya mizinga inasogea. Nyuki walikuwa chini kwa maelfu, wanazunguka kwa mgongo kama pia, ndimi zimewatoka. Mtu mmoja wa kijiji, simtaji, alikuwa amepulizia haradali yake dawa ya wadudu jana yake, na upepo ulikuwa wa kuelekea kwetu.

Mwanamume mwingine angekaa chini alie. Baigen alitazama nyuki, akatazama upepo, akatazama miforosadi. Kisha akakimbia. Hakukohoa wala kugonga, aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha viwavi, mahali ambapo mgeni haruhusiwi, kiatu kimoja mguuni.

"Usiwalishe!"

"Toka!" Bibi Shen akapiga kelele kutoka kitandani. "Toka wewe mwanaharamu, utawaua!"

"Suizhen, usiwalishe! Majani yana dawa. Nyuki wangu wanakufa."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina. Suizhen alikuwa ameshika kapu la majani, mkono tayari juu ya ungo. Akaushusha taratibu. Akachukua viwavi watatu, akawaweka kwenye sahani na jani moja. Wakasimama yeye na Baigen kuitazama ile sahani. Haikupita robo saa. Viwavi waliinua vichwa, wakavitikisa huku na huku, wakatapika maji ya kijani, wakajikunja wakawa nusu ya urefu wao.

Bibi Shen, aliyekuwa amejikokota mpaka mlangoni kwa mkongojo, aliitazama ile sahani, akamtazama mgeni miguuni. Kisha akamwambia Baigen, "Kiatu chako kingine kiko wapi?"

Kiwavi hawezi kungoja. Kabla ya saa tano Baigen alikuwa ameazima mashua, na wawili hao wakapiga makasia maili nne mpaka kijiji cha wazazi wa Suizhen, wakarudi na makapu sita ya majani safi. Walikwenda hivyo siku tisa mfululizo, mpaka mvua iliposafisha miti na majani mapya yakachipua. Baigen alikuwa amepoteza nyuki zaidi ya nusu. Alikusanya waliobaki kwenye mizinga kumi na minane, wanyonge, wasioweza kustahimili behewa. Hakuwa na pa kwenda mpaka wazaliane.

Kwa hiyo akakaa mwezi mzima wa viwavi. Ni yeye pekee, asiye wa nyumba, ambaye Bibi Shen alimruhusu kuingia. Aliacha sigara. Usingizi wa nne ulipokwisha, viwavi wanene kama vidole walipokuwa wanakula kwa pamoja, aliketi sakafuni akafumba macho akiwasikiliza. "Mvua kubwa," akasema, "na nje jua kali." Waliwapandisha pamoja kwenye mafungu ya mabua, wakawatazama wakitikisa vichwa na kujisukia vyumba vyao vyeupe mpaka wasionekane tena. Suizhen aliniambia baadaye kwamba siku zile alikuwa anasahau kula. Mwaka ule alichuma majani mpaka mikono ikawa ya kijani, na hakuiosha kwa nguvu kama siku zote.

Vifukofuko vikauzwa, lakini Suizhen alibakiza vichache kwa kawaida yake, na katikati ya Juni nondo wakatoka. Alimwekea Baigen dume mmoja kiganjani. Mweupe, mnene, manyoya kama ya kifaranga. Alipiga mabawa kwa bidii akazunguka zunguka palepale kiganjani.

"Ana mabawa."

"Anayo."

"Mbona haruki?"

"Mababu zake wamelishwa mkononi muda mrefu mno. Hana hata mdomo wa kulia chakula. Siku chache tu, amekwisha."

Baigen alimrudisha nondo kwenye ungo. Kisha akasema, "Twende wote kaskazini."

"Baigen."

"Kuna nafasi hemani. Wewe si nondo."

"Sijasema mimi ni nondo," Suizhen akajibu. "Nimesema nina mama."

Hakuwa amesema hivyo, ila Baigen alielewa. Kesho yake alinyoa ndevu, akanunua chupa mbili za mvinyo wa mchele, akaenda kuzungumza na Bibi Shen kama inavyotakiwa. Nilikuwepo, maana aliniomba niwe mshenga.

"Mama, nimekuja na neno."

"Umechelewa. Nimelingoja tangu ulipoanza kunywa maji yangu. Mchukue."

"Mama, wewe tutakuchukua pia."

"Kunipeleka wapi? Kwenye behewa? Mimi siwezi kufika chooni bila kupumzika mara mbili." Akamgeukia Suizhen aliyekuwa anamenya vitunguu. "Nawe usinitumie mimi kama komeo la mlango. Mwanangu kafa, wewe huna deni na mimi. Nenda."

"Nani atakutoa nje kuota jua?"

"Mwalimu huyu hapa."

Nikasema, "Nitamtoa." Nilisema kwa moyo wangu wote.

Suizhen alimenya kitunguu kimoja, akamenya cha pili. "Siendi," akasema.

"Sababu?"

"Siendi tu, Mama."

Bibi Shen akashika kopo la chai kama anataka kulirusha, asilirushe. "Huyu mtoto ni mpumbavu," akamwambia Baigen, na machozi yanamtoka. "Kunywa mvinyo wako, mwanangu."

Baigen aliondoka jioni ya tarehe ishirini na tano Juni. Alifunga milango, lakini nyuki wengine huchelewa shambani siku zote, hata ungoje vipi. Asubuhi niliwakuta wanarukaruka mahali mizinga ilipokuwa. Jioni walikuwa fungu moja kwenye nyasi, kama ngumi, wanatetemeka. Suizhen, aliyewaogopa nyuki kuliko nyoka, alikuwa amechuchumaa pale na kisahani cha maji ya sukari. Siku ya pili walipungua. Siku ya nne hapakuwa na kitu. Mimi nilimuona tu kutoka ng'ambo ya mfereji, sikumwita.

Baigen alirudi masika matatu zaidi. Baadaye magari ya mizigo yakachukua nafasi ya mabehewa, na wafugaji wakafuata barabara mpya, mbali na kwetu. Zikabaki barua. Zilifika na vumbi la kila mahali, nyingine zikinata asali pembeni. Baigen aliandika kama alivyosema, hakuwa na maneno ya kupamba. *Hapa maua yamechelewa. Dubu kavunja mizinga miwili. Nimeona koti la bluu sokoni nikadhani ni wewe.*

Majibu ya Suizhen ndiyo yaliyonitesa. Nilikaa na kalamu, nikangoja.

"Mwambie viwavi wamemaliza usingizi wa tatu."

"Na nini?"

"Na Mama anakohoa."

"Na nini tena, Suizhen?"

"Basi. Karatasi ni ndogo."

Karatasi ilikuwa kubwa. Hapo ndipo nilipotenda lile jambo langu. Mwaka 1989, chini ya habari za kikohozi, niliongeza mstari bila kuambiwa: *Kila jioni ninasimama mlangoni natazama upande wa stesheni.* Nikabandika stempu.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Nilianza kulisoma kabla sijaliangalia lote, na kabla sijajua kwamba mstari wangu umo katikati yake. *Uliposema unasimama mlangoni, nilitoka hemani nikasimama mimi pia, nikageukia kusini.*

Mwiko ukaacha kugonga sufuria. "Mwalimu. Nilisema hivyo?"

Nilikunja ukingo wa karatasi.

"Nisomee tena."

"Umekasirika?"

"Nimekwambia nisomee tena."

Nilisoma mara nne. Wali uliungua, tukaunusa wote wawili, hakuna aliyeinuka. Mwishowe akasema, "Usirudie kufanya hivyo. Uongo haukuwa. Lakini usirudie."

Bibi Shen alikufa mwaka 1997, akiwa na miaka themanini na minane, akiwa ametolewa nje kuota jua. Suizhen alikuwa na arobaini na mbili. Alimaliza siku za maombolezo, akafuga viwavi wa masika, akauza, akafagia nyumba. Kisha akaja kwangu na kikapu, akaniambia anakwenda kaskazini kwa Baigen, nimwarifu kwa barua, na yeye nimwandikie kwenye karatasi majina ya stesheni kwa herufi kubwa, ili aweze kumwonyesha askari wa treni.

Alisafiri siku mbili na nusu. Baigen alikuwa amemngoja stesheni tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, nywele zimekuwa nyeupe kando ya masikio. Suizhen alichomwa na nyuki siku ya kwanza hata jicho likafumba, wakacheka mpaka wakakaa chini. Wiki mbili za kwanza, alisema, alikuwa kama mtu aliyepewa kila alichoomba. Msitu mzima unanukia, mizinga inaunguruma, na mtu wake yuko hapo, anaweza kumgusa bega wakati wowote.

Halafu mchana mmoja, amejilaza hemani, mvua ikaanza kupiga turubai. Akaamka kwa haraka, akapapasa kando akitafuta kapu la majani. Baigen akamkuta amekaa mikono mitupu.

"Umeota?"

"Nilisikia wanakula."

Baigen hakumtania. Akakaa naye. "Kwa muda gani umekuwa hivi?"

"Siku kumi. Nikifumba macho nawaona. Nani atachuma majani ya viwavi wa vuli? Yatakomaa yapotee." Akaanza kulia kwa hasira, hasira juu yake mwenyewe. "Miaka yote ile nilisema ni Mama. Mama amekufa, na bado."

"Mimi nilijua si Mama," akasema Baigen.

"Ulijuaje?"

"Mwezi ule niliokaa kwenu, viwavi walipokuwa ndani, wewe ulikuwa hunioni. Nilikaa sakafuni nikakutazama. Sikuwa na wivu. Nilisema moyoni, huyu ni mtu wa kazi kama mimi."

Alimpeleka stesheni mwenyewe mwishoni mwa Agosti.

Walifunga ndoa baridi ya mwaka ule, bila sherehe, meza moja tu, nami nikala bata mpaka nikashindwa kuinuka. Tangu hapo Baigen akawa anakuja Novemba, nyuki wake wakiwa wamepumzika, na kuondoka Machi. Wanakijiji walisema hiyo ni ndoa gani. Suizhen aliwajibu kwamba ni ndoa ya miezi minne, na wao wenye ya miezi kumi na miwili wamwambie wameongea miezi mingapi.

Mwaka 2006 magoti ya Baigen yalikataa. Akampa mpwa wake mizinga, akabakiza minane, akaja kukaa. Suizhen alipaka chokaa chumba kizima. Siku hizo majirani wengi walikuwa wameng'oa miforosadi, na yeye amebakiwa na nyungo nne tu, lakini mtu wake alikuwa nyumbani Aprili, akawa nyumbani Mei. Nilidhani nimeuona mwisho mwema.

Ila nilikuwa nimestaafu na nina muda wa kutazama. Baigen alilisha viwavi vizuri, kwa mkono mwepesi. Akimaliza alitoka, akapanda polepole mpaka kwenye daraja ambapo barabara kuu huonekana, akasimama akiyatazama malori yanayokwenda kaskazini. Alijua kila siku ni ua gani limefunguka wapi. Mezani alisema ghafla, "Leo akasia," kisha akaendelea kula.

Suizhen alivumilia masika mawili. Ya tatu alimpigia simu mpwa, bila kumwuliza mtu. Lori likaja asubuhi, tayari limejaa mizinga chini ya wavu.

"Hiki nini?" Baigen akauliza.

"Panda."

"Suizhen, mimi mzee."

"Hutabeba kitu. Utakaa kwenye kiti umkaripie mpwa wako. Panda, nina viwavi ndani, sina nafasi ya kubishana."

"Unanifukuza?"

"Nakufukuza. Urudi kabla ya baridi."

Alipanda kwa kusaidiwa. Alimshika mkono kupitia dirishani, mkono ule wa kijani, akaushika hadi mpwa akaona haya akawasha injini. Lori lilipopita daraja, Suizhen alibaki amesimama, nami kando yake.

"Nilidhani akija kukaa nitapona hamu hii ya kumngoja," akasema.

"Na sasa?"

"Sasa niache, Mwalimu. Usiandike chochote." Akacheka, akajifuta uso kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na utomvu. "Una kazi mchana huu?"

Sikuwa na kazi. Akanipa kapu, tukaenda kuchuma majani.